Mafuta ya Mupundu Yaliyofungiwa Mlango

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Naviundu. Mama Chilufya anapika mafuta ndani ya jiko lililofungwa komeo. Moshi hauna pa kwenda, macho yanamchuruzika machozi, naye hafungui.

Zamani alipikia uani, majirani wakiona. Anakaanga kokwa za mupundu, tunda la porini, anazitwanga, anazichemsha, kisha anatia maji ya majivu ya maganda yake ili mafuta yasivunde. Hayo ndiyo mafuta ya kwanza kupakwa mtoto mchanga. Na mama yake alimwachia desturi moja: mjamzito akikukuta unapika, unampa mwiko akoroge, unamweleza yote.

Miaka michache iliyopita akaja mgeni, mtafiti wa kampuni ya vipodozi ya ng'ambo. Tumbo lilikuwa mbele.

“Nilimupa mwiko,” anasema Mama Chilufya. “Mwanamuke iko na mimba, utamukatalia namna gani? Nilimuambia mpaka mambo ya majivu. Na tumbo nilimubarikia.”

Kampuni ikasajili hataza, yaani haki ya kisheria ya kutengeneza mafuta kwa njia hiyo, yenyewe tu. Jina la Chilufya halimo. Mwaka huu wakili wao alipita kwa Hortense, mwenye duka la dawa aliyekuwa akiuza dukani chupa za mafuta ya Mama Chilufya, na Hortense akazirudisha zote.

“Mama, unisamehe, miye naogopa kesi,” alimwambia. Chupa ziko chini ya kitanda hadi leo.

Ndipo komeo likawekwa. Na hapa, jamani, ndipo panapouma. Mwezi uliopita jirani yake Princesse, mimba ikiwa pevu, aligonga akiita, “Mama, niko inje.” Chilufya alimsikia, lakini hakufungua. Princesse akarudi zake, akajifungua, na mtoto akapakwa mafuta ya dukani.

“Bale bantu balichukua mafuta, sawa,” anasema, akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Lakini mulango, ni miye mwenyewe nilifunga.”

Wakili hana. Ana mpango tu: Jumamosi atarudisha chungu uani, na ameshatuma mtu kumwita Princesse aje na mtoto mgongoni.

“Atashika mwiko, akuje na benzake bote. Nitasema yote kwa sauti. Bakitaka kushitaki, bashitaki bamama bote ba Naviundu.”

Anakoroga kidogo, kisha anaongeza polepole, “Kama atakubali kuja.”

Princesse bado hajajibu.