Shanga za Mke Wangu

Mtaani kwetu Naviundu, shanga za kiunoni ni siri ya watu wawili: bwana ndiye anayezileta, bwana ndiye anayeziona. Basi Jumamosi ile, nilipotafuta sabuni katika kikapu cha mke wangu nikakuta kamba ya shanga nisiyoijua, moyo wangu uliruka mpaka Kasenga ukarudi.

Kasenga nimeitaja makusudi. Mke wangu anauza samaki wakavu, na kuna bwana anayemletea mzigo kutoka huko, mrefu kama nguzo ya umeme, mwenye meno ambayo naamini yanafika arobaini, na yote humchekea mke wangu.

Mimi ni mtu wa diploma, tena ya shule ya jioni, nikaanza uchunguzi. Shanga nyingine zilikuwa za kahawia, nyingine nyeupe, moja tu nyekundu, na kipete cha mpira kimevishwa juu ya moja. Kesho yake kipete kilikuwa kimesogea shanga moja. Kesho kutwa, tena moja. Kilipoingia kwenye nyeupe, mke wangu akahamia kulala na watoto, eti kichwa kinamuuma. Siku ya tatu kichwa bado kinauma. Ikawa wazi: siku za kahawia ni zangu, siku nyeupe ni za bwana wa Kasenga! Juma lile nilikonda kilo ishirini.

Asubuhi moja, watoto wakiwa shuleni, nikamwonyesha mke wangu kamba.

"Mama, njo mwanaume gani alikupatia hii bushanga?"

Aliiangalia, akaniangalia, akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile kilinichoma. Nikaivuta kwa mikono miwili, kamba ikakatika, shanga zikatawanyika juu ya sementi na chini ya kitanda.

Hapo akaacha kucheka.

"Papa, umefanya nini? Ni infirmière wa centre de santé, ule anapimaka bamama ba mimba, alinipatia. Iko ya kuhesabu masiku. Ku nyeupe, tukilala pamoja, naweza kushika mimba."

"Na haukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulisema Mungu atasaidia, ukageukia ukuta." Alikuwa ameshapiga magoti, anaokota. "Kwa huyu mutoto wa ine, ule wa mwisho, damu ilitoka mpaka bakakuita ukuje kuniaga. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na kule ku masomo, si ni weye ulisimama?"

Kweli. Mwaka wa mwisho wa shule ya jioni, mwalimu alitupatia mjadala: je, mwanamke aamue mwenyewe kuzaa au kutozaa, hata kutoa mimba? Nusu ya darasa walifanya ishara ya msalaba. Mimi niliwatetea wanawake mpaka madirisha yakatetemeka, na makofi niliyopigiwa yalisikika hadi mtaa wa Golf. Hotuba ile nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya mke wangu, yeye akipanga samaki.

"Ulitetea banamuke ba Kongo yote," akasema. "Miye niko wa inchi gani?"

Nikapiga magoti pia. Tulizipanga shanga juu ya shuka: nyeupe moja ilikosekana, na kipete kilikuwa kimebingirika peke yake.

"Kilikuwa ku ya ngapi?" nikauliza.

"Sijue tena. Niliachia kamba ihesabu. Ikikosea, ni miye nitarudia ku kile kitanda cha damu, hapana weye."

Siku hiyohiyo tulikwenda centre de santé. Kwenye benchi nilikuwa mwanaume peke yangu, na mama mmoja mjamzito akaniuliza nimefika miezi mingapi. Infirmière alipoleta kamba mpya, nikanyoosha mkono. Akaupita, akaiweka mkononi mwa mke wangu.

"Iko ya mama."

Bwana wa Kasenga nimemsamehe, ingawa hajui kosa lake. Ila kile kipete bado nakionea wivu. Kila asubuhi mke wangu anakisukuma kwa kidole kabla hata ya kunisalimia. Wawili hao wanajua jambo, nami nakaa upande wangu wa kitanda, nasubiri kuambiwa.