Siku Nilipoigonga Reli ya Stesheni

Jirani na ninapoishi sasa, Mikocheni, kuna gereji. Fundi akigonga chuma kwa nyundo nacheka peke yangu, kisha nafunga dirisha. Leo acheni niwaambie kisa chake, maana nimekificha vya kutosha.

Nililelewa na Bibi upande wa Tegeta, nyuma ya machimbo ya kokoto. Zamani treni ilikuwa ikipakia kokoto pale na kuzipeleka mjini. Malori yalipoichukua kazi hiyo, stesheni ikaachwa: jukwaa la saruji, bati lililooza, nyasi mpaka kiunoni, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Hicho ndicho kilikuwa kengele. Bibi alinifundisha alama zake: ikigongwa mara mbili, treni inafika. Mara tatu, baruti inalipuliwa, anueni nguo kabla ya vumbi. Ikigongwa mfululizo... hapo Bibi alinitolea macho. "Mfululizo usiigonge kabisa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami niliamua guu langu liende tu. Binamu yangu Hamisi, mjuzi wa yote asiyowahi kuyaona, ndiye aliyenitia ufunguo. "Ukiigonga mfululizo treni inakuja yenyewe. Gonga wewe, mie naogopa kuchapwa." Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kuona treni. Niliitaka ile treni kuliko nguo ya Idi!

Jumamosi asubuhi nikaokota jiwe. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Nikagonga hadi mkono ukafa ganzi, moyo unadunda kwa furaha, macho kwenye nyasi zilizofunika njia ya treni. Hamisi akarukaruka. "Inakuja! Sikia vishindo!"

Vishindo vilikuja kweli. Vya wanawake.

Walitokea kila uchochoro, mabibi watu wazima, wengine peku, mmoja ameshika mwiko wenye ugali, mwingine ana povu hadi viwikoni. Walijipanga jukwaani, wakatazama machimbo. Bibi alikuwa wa tatu, khanga imemdondoka begani. Babu, aliyekuwa akifanya kazi huko machimboni, tulikuwa tumemzika miaka miwili nyuma.

Hamisi alishatoweka. Jirani yetu Mama Anjela akaniona na jiwe langu.

"Kumbe ni haka!"

Nikafumba macho kungoja kofi. Badala yake akaangua kicheko. Wenzake wakapokea, wakakumbatiana, wakaketi chini wakicheka hadi machozi. Mmoja akapiga vigelegele.

Njiani nikauliza, "Bibi, mbona umekimbia, na Babu hayupo?"

"Miguu ndiyo imekimbia, mjukuu wangu. Mie nimeifuata."

Kwa miaka nilijisifu kwamba niliwachekesha. Nilipokuwa mtu mzima Mama Anjela akanieleza: mlio ule ulimaanisha kifusi kimefunika watu. Kila ulipolia walisimama pale wakingoja kujua nani amefiwa, na kila mara kuna mmoja wao aliyerudi nyumbani akishikiliwa. Siku yangu ndiyo pekee walipoitwa na mlio ule, wakarudi wote wakitembea wenyewe.