Panya wa Maabara na Mifupa ya Mama

Mama hakula chakula changu kabla sijaoga. "Umeshika panya weye, usinigusie sufuria!" alinipokea hivyo mlangoni, mtaani kwetu Dunda, kila niliporudi kutoka maabara ya utafiti. Nami mdomo wangu hauna breki, nilimjibu, "Mama, panya wangu wasafi kuliko kuku wako."

Hata hivyo alipenda kunisikiliza. Nilimweleza kwamba mwilini zipo seli zinazotengeneza kingamwili, askari wa damu, na kwamba hazizaliwi zikijua kazi. Hukomaa hatua kwa hatua. Kwenye mwili wenye afya zinapita upesi mno, hata kuzichunguza ni taabu. Lakini zikigeuka saratani kwa panya, hukwama katika hatua moja na kuzaana tele, zote sawasawa. Basi tukilinganisha uvimbe wa panya huyu na wa yule, tunaisoma safari nzima. "Subhanallah," alisema, "hata maradhi yana darasa."

Mwaka jana mifupa ikaanza kumuuma yeye. Majibu ya vipimo yalipotoka, kaka yangu mkubwa aliamua mama asiambiwe jina la ugonjwa, nami nikakubali. Kwetu ndivyo tunavyowapenda wazazi, kwa kuwaficha. Tukamwambia ni utu uzima tu, ila aende kwa daktari Dar es Salaam kuchomwa sindano kila wiki. Akakataa katakata.

"Sindano kila wiki kwa uzee? Nikandeni mafuta ya karafuu nilale."

Mwezi ukapita, anakonda tunamtazama. Nilimkasirikia, wallahi, na mwongo ni mimi.

Jumamosi moja nilikuwa namkanda mgongo. Akauliza taratibu, "Zile seli zako, zikishakomaa, zinakaa wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Ndani ya mifupa, kwenye uboho."

"Na zikiharibika humo?"

Mikono yangu ikasimama.

"Miaka yote unanisomesha," alisema. "Ulidhani sisikii?"

Nikalia. Nikalitaja jina, saratani, nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, akavuta kanga yake mabegani.

"Mwezi mzima nimeugua woga wenu. Mpigie kaka yako, kesho tunakwenda. Na huyo daktari aseme na mimi, si na nyinyi."