Milioni Moja na Moja

Kazini walimwita Mzee Namba, na wala hawakumwonea. Miaka thelathini na moja alikuwa akipiga namba kwenye tiketi kwa mashine ya mkono, na hakuna tiketi iliyompita bila yeye kujiuliza namba yake inagawanyika kwa ngapi. Tangu mkewe afariki, ugonjwa huo ulizidi.

Aliyebaki ni binti mmoja tu, anaishi mbali, kazi zimemkaba koo. Walikuwa na utaratibu wao: binti anamtumia namba kubwa, baba anatafuta vigawo vyake, na akishapata jibu ndipo anapiga simu. Kabla ya hapo hapigi. Binti ndiye aliyepanga hivyo, na mzee, maskini ya Mungu, akauona mchezo mtamu.

Safari hii ikaja 1,000,001. Eti! Hata mashine yake isingeiweza, ina tarakimu sita tu. Akajifungia jikoni na lundo la tiketi zilizoharibika, anakokotoa nyuma ya tiketi hizo. Tatu ilikuwa rahisi: jumla ya tarakimu ni mbili, haigawanyiki. Saba ikabakiza mbili. Kumi na tatu, mbili tena.

"Wewe nawe una kiburi," aliiambia namba, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Namba kama hiyo, ili uape kwamba ni tasa, yaani haina kigawo ila moja na yenyewe, lazima uijaribu kwa kila tasa mpaka karibu na elfu moja. Alilijua hilo vizuri, tusimsingizie. Lakini siku ya tisa alifika tisini na saba, ikabaki ishirini na nane, na hamu ya kuisikia sauti ya mwanawe ikamzidi nguvu. Akaweka kalamu chini, akapiga.

"Ni tasa, mama!"

"Hebu subiri, Baba." Haikuchukua hata pumzi mbili. "Siyo. Ni mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja."

Mzee akahesabu kichwani. Kweli. Angejaribu tasa moja tu zaidi, angeipata. Lakini si hilo lililomchoma.

"Umejuaje upesi hivyo?"

"Simu inafanya yenyewe, Baba. Unaandika namba, inakupa jibu."

"Tangu lini?"

"Siku zote." Kisha, kwa upole kabisa: "Nilikuwa nakuchagulia kubwa kubwa ili usikae bure. Si unakumbuka, ulikuwa unanipigia kila siku, mpaka kazini wakaanza kunisema."

Jamani, mzee yule aliumia. Aliumia hasa. Alivuta kiti akakaa, akazitazama zile tiketi zilizojaa hesabu zake. Upande wa pili alisikia watu wakimwita binti yake.

"Baba, nikutumie nyingine?"

"Nitumie," akasema. "Ila safari hii nipe ndogo, mama. Nipe ya kumaliza kesho."