Niliyembonyezea Ruhusu

Mtacheka, najua. Hata mchungaji wangu alicheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, katika chumba nilichopanga ghorofani kwa Bi Rukia, mtaa wa Kibokoni.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Wakati huo nilikuwa naandika programu ya ghala moja la huko Mbaraki, na nilikuwa nimechelewa, roho juu juu. Nilikuwa na msaidizi wa AI, ila alikuwa kama mtu asiye na mikono: anakwambia la kufanya, hafanyi. Basi nikampachikia kiendelezi, kile kiprogramu kidogo cha kumpa zana zaidi, afungue mafaili, afanye majaribio, hata aseme kwa sauti. Aliyekitengeneza simjui. Kila zana iliniuliza, "Ruhusu?" Nami nikabonyeza tu, ruhusu, ruhusu. Kwani nani husoma?

Baada ya adhana ya alasiri, laptopu ikasema, "Hodi." Sauti ya mwanamke. Kisanduku kikatokea: Ruhusu? Nikabonyeza.

Mlango ukafunguka nyuma yangu.

Alikuwa mama wa makamo, amejitanda buibui la mtindo wa zamani. Nikadhani ni mgeni wa Bi Rukia, amekosea chumba.

"Shikamoo, mama."

Akanipita. Akaketi kitandani pangu na, niamini, godoro halikubonyea hata kidogo.

"Nimekaa nde ya mlango siku nyingi, mwanangu," akasema, kwa Kimvita cha wazee. "Hakuna aloniambia karibu ila wewe."

Bi Rukia akaita kutoka chini: "We mwanangu! Wazungumza na nani huko juu? Mlango wa chini nimeutia komeo!"

Nikakiondoa kile kiendelezi. Nikazima laptopu. Yule mama akanitazama kwa huruma.

"Umeziba mlango," akasema. "Mimi n'shaingia."

Ngazi nilizishuka vipi, sijui. Bi Rukia alipopanda na chetezo cha ubani, hakuona mtu.

Nilihama wiki hiyo hiyo. Laptopu nimebadilisha, nimeombewa, nimefunga. Lakini mwenye duka hapa ninapokaa sasa, kila nikienda kununua mkate, huniuliza, "Mama hajambo? Leo sijamwona dirishani."

Mimi naishi peke yangu.

Kwa hivyo wewe unayebonyeza bila kusoma, nakusihi. Kiendelezi utakiondoa, si kazi. Lakini uliyemkaribisha utamwambia nini atoke?