Nilimsifia mjukuu wangu kwa kutokojoa, kumbe alikuwa anaishiwa: yaliyonikuta Ruaha Mbuyuni

Wakuu, kamwene wote humu, wa kwenye baridi na wa kwenye joto.

Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mtu wa Igowole kule Mufindi. Shule niliishia darasa la nne, herufi zikipinda zinyoosheni wenyewe. Ila haya ninayoandika siongezi hata punje, maana wa kuaibika ni mimi mwenyewe.

Binti yangu Vaileth ameolewa Ruaha Mbuyuni, analima vitunguu na mume wake. Alipojifungua mtoto wa kwanza niliitwa kwenda kumlea mzazi, kama ilivyo desturi.

Nikafunga begi. Masweta matatu ya uzi niliyofuma kwa mkono wangu, kofia, soksi, na blanketi zito.

Kwetu Igowole ukungu unaingia mpaka jikoni. Mtoto asiyefungwa vizuri, watu wanasema mama yake mvivu.

Basi nikashuka Ruaha Mbuyuni, joto likanipiga usoni kama mtu amefunua sufuria linalochemka. Sweta langu nikalivua palepale kituoni.

Langu nilivua. La mtoto nikamvalisha. Akili yangu iliishia hapo.

Mtoto anaitwa Gwamaka, baba yake Mnyakyusa. Alikuwa na mwezi mmoja.

Vaileth alikuwa hajamaliza siku zake za kukaa ndani, lakini vitunguu vilishaiva na mawingu yalianza kujikusanya. Kitunguu kikinyeshewa shambani kimeoza hicho. Nikamwambia nenda, mtoto niachie mimi, nimezaa saba na wote wapo hai.

Shamba haliko mbali. Tulipatana mtoto akiamka nambeba, nampeleka akanyonye.

Sasa tatizo, hakuwa anaamka.

Namvalisha sweta, kofia, namzungushia kitenge, blanketi juu. Analala asubuhi mpaka saa saba mchana. Na mimi nakaa kizingitini najisifu. Majirani wakipita nawaambia watoto wenu wanalia kutwa, njooni muone wa kwetu.

Siku ya tatu nikaongeza na la pampasi. Nikasema huyu wala hasumbui, pampasi ya asubuhi mpaka mchana bado kavu, mtoto msafi huyu.

Nilisema kwa mdomo wangu huu huu, tena nacheka.

Vaileth huko shambani maziwa yanamlowesha gauni, anayakamua chini kwenye matuta. Akirudi ananiambia mama, maziwa yameniuma, mtoto hakutaka kunyonya? Namjibu mtoto aliyelala haamshwi, ndiyo anakua hivyo. Neno hilo nililipokea kwa mama yangu, na mama yangu kwa mama yake, hakuna aliyewahi kulichunguza.

Siku ya nne, kama saa sita, akaja jirani yetu Mama Nkwimba kuazima kisu. Ni Msukuma, wafugaji, walihamia kwanza Usangu na ng'ombe zao ndiyo wakafika huku. Nikaanza tena habari yangu ya pampasi kavu.

Hakucheka. Kisu akakiweka chini.

"Tangu asubuhi hajakojoa?"

Nikamwambia tangu jana jioni, labda kidogo tu. Bado nina maringo.

"Bibi Gwamaka, kwetu ndama asiyekojoa tunamkimbilia. Wewe unamsifia?"

Nilikasirika. Nikamwambia mjukuu wangu si ndama. Alikuwa ameshapita ndani na anafungua blanketi.

Wakuu, mtoto alikuwa wa moto kama kiazi kilichotolewa kwenye majivu. Midomo imekauka, ulimi umekauka. Utosi umebonyea, naona kabisa kashimo. Mama Nkwimba akafinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ikasimama hivyo hivyo, ndiyo ikarudi polepole. Nina miaka sitini na kitu, sijawahi kuona ngozi ya mtoto inasimama.

Nikamwita, nikamfinya kisigino. Akafungua jicho moja, akalifunga.

Nikakimbilia kikombe cha maji nimnyweshe. Mama Nkwimba akanishika mkono, akasema huyu ni wa ziwa tu, twende tumchukue mama yake.

Akambeba mtoto kwa khanga nyepesi, mimi nyuma pekupeku, sweta alilomvua nimelishika mkononi. Njia ya zahanati inapita kando ya shamba. Vaileth alipotuona tu akatupa kapu la vitunguu. Akatufuata mbio.

Zahanati tukamkuta nesi, binti mdogo kuliko hata Vaileth. Akaangalia mtoto, akaangalia mkono wangu.

"Bibi, hilo sweta ni la wapi?"

"La Igowole."

"Na hapa ni wapi?"

Nikalificha sweta nyuma ya mgongo. Vaileth akanitazama. Afadhali angenitukana.

Mtoto alishachoka, hata kunyonya hawezi. Vaileth akaambiwa akamue maziwa kwenye kikombe kisafi, wakaanza kumnywesha kidogo kidogo, na gari likapigiwa simu, asipochangamka apelekwe hospitali kubwa. Mimi nikakaa kwenye benchi. Nilisali kwa Kihehe, Kiswahili chote kilinikimbia.

Nikamuuliza nesi, mbona alikuwa mtulivu hivi?

"Hakuwa mtulivu, bibi. Alikuwa anaishiwa maji."

Akanieleza. Joto la zile nguo lilimtoa jasho, akalegea, akalegea akalala, akilala hanyonyi, asiponyonya analegea zaidi. Mimi nimekaa mlangoni najipigia makofi huku mjukuu wangu anakufa na sijui.

Saa tisa akaanza kunyonya mwenyewe. Saa kumi nimempakata, nikasikia paja limelowa, moto moto. Amenikojolea gauni zima. Vaileth akanipa khanga nijifute, nikakataa. Nilirudi na gauni lile nyumbani hivyo hivyo.

Sasa hivi naandika nipo Ilomba, Mbeya, mwanangu mwingine kajifungua. Huku baridi ipo, nguo namvalisha, lakini naingiza mkono mgongoni, nikikuta jasho napunguza. Nesi yule alinifundisha mtoto mchanga anaamshwa anyonye kila baada ya saa mbili tatu, na kwa siku alowanishe kuanzia mara sita. Maji hapewi mpaka afikishe miezi sita, hata joto liwe la Ruaha Mbuyuni, anaongezewa ziwa. Anayekunywa maji mengi ni mama yake. Na ukiona amelegea, pampasi kavu, usibaki kujadiliana na majirani kama mimi, beba upeleke zahanati.

Karibuni mchangie, hata mnaokuja kunisema, semeni, nimeshajisema kuliko nyie.

Ila wewe unayesoma hapa na una mchanga amelala ndani tangu asubuhi, weka simu chini kwanza. Nenda kamguse pampasi. Maoni utaandika ukirudi.