Silabusi Yenye Mto Mkubwa

Silabusi yangu haikuwa yangu. Kwa miaka mingi nilikana jambo hilo, hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwahi kuniuliza.

Ni maandishi ya kozi ya usimamizi wa vyama vya ushirika. Aliyeyaandika ni muzee aliyenifundisha Kisangani. Nilipopata kazi Goma nilibadilisha jalada, nikaweka jina langu, na wanafunzi wakawa wanayanunua kila mwaka, kama ilivyo desturi kwetu. Aliyepiga fotokopi nilimfokea. Niliita wizi, bila haya.

Halafu taasisi yetu ikaamua kozi zote ziwekwe mtandaoni, bure, kila mtu asome na kuandika maoni pembeni. Nilipinga katika vikao vitatu. Nilitaja umeme, nikataja intaneti, nikachoka. Nikaiweka yangu.

Kesho yake mwanafunzi wa mtaa wa Mabanga aliandika: "Mama prof, hapa tuko na ziwa. Juu ya nini kila chama katika kozi yako kinavusha mihogo mtoni?" Mwingine akaongeza: "Hata wakulima wa Kibumba, kule mlimani, amewapandisha mtumbwi!"

Majina ya mahali nilikuwa nimeyabadilisha. Mto wa Kisangani niliusahau.

Mwenzangu wa ofisini alicheka hadi akavua miwani. "Futa maoni, mama. Nani atajua?"

Lakini muzee alishastaafu, anaishi kwa binti yake hapa hapa Goma, mtaa wa Mapendo, na simu anayo. Sikutaka asikie kwa wengine. Nilimwandikia ujumbe mrefu nikikiri yote, nikauliza kama niiondoe kozi au niiache kwa jina lake. Wiki nzima hakujibu. Nilifundisha kama mgonjwa anayengoja majibu ya maabara.

Ijumaa, nikiwa kwenye foleni ya maji na madumu yangu mawili, simu ikalia.

"Mama prof," akaanza, akilivuta neno.

"Muzee, nisamehe…"

"Jalada lako nililiona zamani. Ndiyo maana sikukupa sehemu ya pili." Akakohoa. "Ile ya kwanza iache palepale, kila mutu asome. Weka jina langu. Sasa kuya hapa kwangu uchukue hii ingine, uipige kwenye kompyuta. Niliandika kwa mkono, na macho yangu yamekwisha."

"Iko na kurasa ngapi, muzee?"

"Kuya na chakula," akasema. "Hautamaliza leo."